Nani Atamnyunyizia Muuguzi Ng'ondu?

Zamani Ukambani, mtu aliyebeba maiti hakurudi moja kwa moja kuketi na wenzake. Alihesabiwa kuwa ameguswa na kifo, na kifo kiliaminika kuwa kitu cha kuambukiza: kinashika mikono, kinaingia nyumbani, kinadhuru watoto na mifugo. Basi alingoja mpaka aje mzee aliyeijua kazi hiyo, akiwa na ng'ondu, maji yaliyochanganywa na mimea maalumu, amnyunyizie na kumtakasa. Gerhard Lindblom, mtafiti Mswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika juu ya utakaso huu katika kitabu chake kikubwa kuhusu Wakamba. Waliousoma tangu hapo wengi wameuona kuwa mila ya kale, basi. Mimi nikiusoma naiona jamii iliyokubali wazi kwamba kumshughulikia mtu hadi kufa kwake kunaacha kitu kwa aliyemshughulikia, na kwamba kukiondoa kitu hicho ni kazi ya watu wengine, si yake peke yake.

Nimeanza na ng'ondu kwa sababu nataka kuwazungumzia watu wanaofunika maiti mwaka hadi mwaka, na hakuna anayewanyunyizia chochote.

Tseikuru iko kaskazini kabisa ya Kaunti ya Kitui, katika eneo bunge la Mwingi Kaskazini. Ukitoka Mwingi unapita Kyuso, na ukiendelea mbele zaidi unaukuta Mto Tana na nchi ya Watharaka. Ni nchi ya migunga na mibuyu, ya mbuzi, mizinga ya nyuki, ndengu na mtama. Nchi ambayo mito yake ni mchanga mtupu kwa miezi mingi na akina mama huchimba mchanga huo kutafuta maji. Iko hospitali mjini Tseikuru, na nje ya mji kuna zahanati zilizotawanyika, moja hapa, nyingine mbali kule.

Zahanati ya kawaida ya nchi kame kama hii ina vyumba vichache, paa la mabati, tangi la maji ya mvua, na nesi mmoja au wawili. Wanakijiji humwita daktari. Asubuhi nesi hufungua friji ya chanjo na kuandika nyuzijoto kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwake. Hupima watoto kwenye mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti, mtoto akiwa ndani ya kisuruali cha kitambaa chenye mikanda. Hudunga sindano, hufunga vidonda, hugawa dawa, kisha hujaza rejista: ya chanjo, ya wajawazito, ya wagonjwa wa nje. Saa nane za usiku mlango hugongwa. Bodaboda imeleta mama mwenye uchungu wa kuzaa, au mtoto aliyeumwa na nyoka akienda chooni. Kitui ni miongoni mwa kaunti zinazoteswa sana na nyoka, na dawa ya kuua sumu ni ghali, mara nyingi haipo. Nesi hupiga simu kutafuta ambulensi, huweka dripu, hungoja. Kuna usiku ambapo ambulensi huchelewa na mtoto hafiki asubuhi. Nesi humfumba macho, humnyoosha miguu, humfunika shuka, huandika saa. Halafu huosha mikono kwa sabuni. Ikifika saa mbili akina mama wa kliniki wamejaa nje na watoto wao migongoni, naye huwatokea na kuwaamkua, "Habari zenu, akina mama?" nao humjibu, "Nzuri, daktari."

Hayo maji ya sabuni ndiyo ng'ondu yake yote.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya hospitali, mgonjwa alikuwa wa nyumba. Aliuguzwa na mama, dada, mke au bibi, yaani watu waliomjua jina na ukoo. Shamba lake lilipobaki bila mtu, majirani waliitana kwa mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kufanya kazi pamoja kwa zamu, wakalilima. Aliyepagawa na pepo alichezewa kilumi, ngoma ambayo kina mama watu wazima waliicheza kwa saa nyingi. Aliyejua dawa na ramli, mundu mue, aliitwa, akafanya kazi yake, akalipwa mbuzi, akaenda zake. Sisemi kwamba watu walipona zaidi zamani. Walikufa kwa wingi, watoto hasa. Ninachosema ni kwamba mzigo wa kuuguza ulikuwa na mikono mingi, na ulikuwa na mwisho unaojulikana.

Kisha ikaja Ngomanisye. Ndilo jina ambalo Wakamba waliipa njaa ya miaka ya 1897 hadi 1899, maana yake ni kwamba ilienea kila mahali. Mvua zilikosekana, ng'ombe walikuwa wamekwisha kupukutishwa na sotoka, na juu ya njaa ikaingia ndui. Maelfu walikimbilia nchi ya Wakikuyu kutafuta chakula. Ukiisoma historia ya kipindi hicho, usitazame hesabu ya waliokufa tu. Tazama pia kilichowapata waliokuwa wakiuguza: nyumba ambayo wote ni wagonjwa haina wa kuteka maji, na kijiji ambacho wote wana njaa hakina wa kuitwa mwethya. Huruma ya watu haikuisha kwa sababu walikuwa wabaya. Iliisha kama kisima kinavyoisha, kwa kutekwa kila upande bila mvua.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walikuwa wamefika Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa muongo huohuo, na mwaka 1899 wakafungua kituo kingine Mulango. Baadaye Africa Inland Mission ikashika mahali pao, na Wakatoliki wakafuata na hospitali kama ya Mutomo, iliyojengwa na Masista wa Huruma kutoka Ireland. Pamoja na bendeji na kwinini walileta wazo ambalo huku halikuwapo: kwamba mtu mmoja, kwa ajira au kwa nadhiri, atawahudumia watu asiowajua, mchana na usiku, na wakiondoka hao waje wengine. Ni wazo zuri. Limeokoa roho zisizo na idadi. Lakini lilikuja likiwa limefungwa katika neno moja, wito, na neno hilo limewagharimu wauguzi sana. Mwenye wito hasemi amechoka. Akisema, ataulizwa kama kweli aliitwa.

Hata huko lilikotoka wazo hilo, ukweli ulijulikana mapema. Florence Nightingale, aliyefungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas jijini London mwaka 1860, alirudi kutoka vita vya Crimea akiwa mgonjwa, na sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki aliipitisha chumbani, akiandika kutoka kitandani. Taa aliyotembea nayo usiku kati ya wagonjwa imechorwa mara elfu. Kitanda chake hakichorwi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza vijana wa Kikamba walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, na wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Serikali ya kikoloni ilijifunza kwamba inahitaji Waafrika waliofundishwa kuuguza. Mwaka 1927 ikaanza Nairobi shule ya mafunzo ya tiba ambayo leo ni chuo cha KMTC (Kenya Medical Training College), na madresa, yaani wauguzi wasaidizi, wakaanza kuonekana vijijini na masanduku yao ya dawa. Dresa alikuwa mtu mmoja kwa nchi nzima ya vilima na mabonde. Mpangilio wa zahanati ya leo ulianzia kwake: mtu mmoja, eneo kubwa, ofisi iliyo mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kitui ilishambuliwa na kala-azar, ugonjwa unaovimbisha wengu, kumkondesha mtu na kumwacha na homa isiyokwisha hadi afe asipotibiwa. Wataalamu walifika, akiwemo R. B. Heisch, wakachunguza uhusiano wa usubi unaoueneza na vichuguu vya mchwa vilivyo karibu na nyumba. Majina ya wataalamu yamo katika majarida ya tiba. Sasa fikiria dawa yenyewe, ya madini ya antimoni: sindano kila siku, kwa wiki kadhaa, kwa kila mgonjwa, na sindano hiyo inauma. Mtu aliyedunga sindano hizo hakuwa mtaalamu. Alikuwa dresa, au muuguzi, aliyeamka kila siku kuwakuta watoto walewale wakianza kulia walipomwona tu. Jina lake halimo mahali popote.

Miaka michache baadaye, London, mwanamke aitwaye Isabel Menzies aliitwa na hospitali moja ya mafunzo kuchunguza kwa nini wanafunzi wa uuguzi wanaacha kazi. Ripoti aliyoitoa karibu na mwaka 1960 naihesabu kuwa moja ya maandiko ya kweli kabisa juu ya kazi hii. Aliona kwamba hospitali ilikuwa imejipanga kumlinda muuguzi asihisi. Kazi ilikatwa vipande vipande: huyu anatandika vitanda vyote, huyu anapima joto la wote, ili pasiwe na anayekaa na mgonjwa mmoja akamzoea. Mgonjwa aliitwa kwa namba ya kitanda au kwa kiungo chake kinachoumwa. Nao wanafunzi waliokuwa na moyo wa kujali ndio walioumia na kuondoka. Kumbe ule ukavu wa uso ambao wagonjwa hulalamikia, "nesi hana huruma yule," mara nyingi ni ganda la mtu aliyeachwa ajikinge peke yake.

Kenya ilipojitawala, matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 1965 serikali ilifuta ada ya matibabu kwa wagonjwa wa nje. Zahanati ziliongezeka, nyingine zikijengwa na wananchi wenyewe kwa harambee. Mwaka 1984 ukaja ukame ambao Wakamba wanauita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nacho, kwa maana watu walikuwa na pesa mkononi na chakula hakikuwapo dukani. Mwisho wa mwaka 1989, chini ya masharti ya wakopeshaji wa nje, ada zikarudishwa hospitalini kwa jina la kuchangia gharama, na katika miaka iliyofuata serikali ikabana ajira, hivi kwamba wauguzi waliohitimu walikaa nyumbani huku wadi zikikosa watu.

Naomba tusimame hapo kidogo, kwa sababu uchovu wa miguu ni kitu kimoja na hili ni kingine. Muuguzi aliyefundishwa kumpokea kila mgonjwa sasa alilazimika kumwuliza kwanza kama ana pesa. Alimwona mama akirudi nyumbani na mtoto mwenye homa kwa kukosa shilingi chache. Alijua cha kufanya, akajua pia hawezi kukifanya. Jeraha la namna hii halitibiwi na likizo.

Jeraha jingine lilikuwa la UKIMWI. Mgonjwa wa kwanza nchini alitambuliwa mwaka 1984, na Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Tangu miaka hiyo hadi dawa za kupunguza makali zilipotolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006, wauguzi wa Kenya walifanya kazi ambayo haina jina zuri. Waliuguza watu ambao hawakuwa na dawa ya kuwapa. Walilaza wawili katika kitanda kimoja. Waliogopa damu, glavu zikiwa haba. Waliouguzwa walikuwa vijana wa rika lao, na mara nyingine ndugu zao, na mara nyingine wauguzi wenzao. Hospitali zilipojaa, wagonjwa wakarudishwa nyumbani na ikabuniwa huduma ya majumbani. Ukweli wake ni kwamba bibi wa miaka sabini alipewa binti wa kuuguza na wajukuu wa kulea, na kijana wa kujitolea akamtembelea akiwa na kijisanduku cha dawa za maumivu. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya virusi. Bibi huyo naye alikuwa mhudumu wa afya, bila mshahara, bila zamu, bila mtu wa kumpokea.

Katikati ya hayo, mwaka 2004, Ukambani ikapata msiba wake. Mahindi yaliyohifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Wagonjwa 317 waliandikwa na 125 kati yao wakafa. Walifika na macho ya manjano na matumbo yaliyojaa maji, familia nzima wakati mwingine, kwa sababu walikula sufuria moja. Ini likishaharibika kwa sumu ile hakuna dawa ya kulirudisha. Muuguzi aligeuza mgonjwa, akampa maji, akamsafisha, akamwambia mume, kisha akamwambia mama mkwe. Chakula kilichowaua ndicho alichokuwa nacho yeye mwenyewe ghalani kwao. Msiba ulipopita, wataalamu walirudi na sampuli za mahindi. Sijaona popote palipoandikwa kwamba mtu aliketi na wauguzi wale akawauliza wamelalaje.

Majina ya uchovu wao yalikuwa yamekwisha kupatikana kwingine. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alieleza hali ya wahudumu wanaoungua hadi kubaki majivu, na yeye mwenyewe alikuwa ameipitia. Christina Maslach akaonyesha pande zake tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi kwamba hufanikiwi katika kazi yako. Mwaka 1992 muuguzi Mmarekani, Carla Joinson, akaandika juu ya uchovu wa huruma, ule unaotokana na kubeba maumivu ya wengine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likaueleza uchovu wa kazi kuwa jambo la mahali pa kazi, si ugonjwa wa mtu. Uamuzi huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Maana yake ni kwamba muuguzi akichakaa, wa kuchunguzwa ni mwajiri.

Na mwajiri wa Kenya alibadilika mwaka 2013, afya ilipohamishiwa kaunti. Mwaka huohuo huduma ya uzazi ikawa bure katika hospitali za serikali. Akina mama waliitikia, wengi wakaacha kuzalia nyumbani. Ni furaha kubwa. Lakini vitanda vya kuzalia viliongezewa kina mama bila kuongezewa wakunga. Kuanzia tarehe 5 Juni 2017 wauguzi waligoma nchi nzima kwa muda wa siku 150, wakidai mkataba wa malipo yao. Wagonjwa waliteseka, na wengine walikufa, hilo lisifichwe. Lakini mgomo wa siku 150 haufanywi na watu wavivu. Wavivu wangerudi baada ya wiki, mshahara uliposimamishwa.

Korona iliingia Machi 2020, na Desemba ya mwaka huo wauguzi waligoma tena, wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Julai 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limeishauri serikali itangaze afya ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Julai 2021 Kenya na Uingereza zikatia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wetu huko. Sina neno na anayeondoka. Ana watoto wa kusomesha. Lakini Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, nasi tuko mbali nacho, na kila anayepanda ndege zamu yake inabebwa na aliyebaki. Mwaka 2022 muuguzi wa Marsabit, Anna Qabale Duba, alishinda tuzo ya dunia ya uuguzi ya dola 250,000. Tulishangilia, na alistahili. Usiku wa tuzo ile zahanati za nchi kame ziliendelea na nesi yuleyule mmoja.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na mikoba yao ya vifaa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Kwa Tseikuru, ambako mwendo kati ya boma na boma ni mrefu na jua halina huruma, hao ndio miguu ya hospitali. Nawaheshimu. Nahofia kwamba tumeongeza watu wa kuchoka bila kuongeza watu wa kuwapokea.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mikutano mingi ya siku hizi inamfundisha muuguzi ajigange: apumue polepole, anywe maji, apangilie muda wake. Sikatai. Ila mtu aliye peke yake katika zahanati hana muda wa kupangilia, na mzigo wa mwenzio, kama tujuavyo, ni kanda la usufi. Wazee wa Ukambani walijua kitu rahisi zaidi: aliyeshika kifo hajitakasi mwenyewe, huja mtu mwingine. Kitu hicho kinawezekana leo bila imani ya kale. Zahanati isiendeshwe na nesi mmoja. Mtoto akifia mikononi mwa nesi, apatikane wa kumshikia kazi siku hiyo, na wa kuketi naye wazungumze. Aliyekaa mbali na mji miaka mingi ahamishwe kabla hajaomba kwa machozi. Bibi anayemwuguza mgonjwa nyumbani apumzishwe na jirani wiki moja moja, kwa zamu, na huo ndio mwethya wenyewe.

Nawaomba wawakilishi wa wadi wa Tseikuru, Kyuso, Ngomeni, Mumoni na Tharaka: bajeti ya afya itakapoletwa mbele yenu, kabla ya kuuliza ni majengo mangapi yatafunguliwa, ulizeni kila zahanati iliyopo ina wauguzi wangapi usiku. Nawe msomaji, ukipeleka mtoto kliniki wiki hii, kabla hujaeleza shida yako mwulize nesi amelala saa ngapi.